Kujenga mtaa kwenye mteremko mkali: hatua kwa hatua kwa miinuko ya Lindi na Mikindani

Lindi mjini imebanwa. Mbele kuna ghuba, nyuma kuna miinuko inayopanda kuelekea Mtanda, na ukivuka maji kwenda Kitunda unakutana na kilima kingine. Mikindani ni vilevile: mji mkongwe umekaa chini ufukweni, na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 liko kwenye mteremko juu yake. Tambarare ikijaa, watu hupanda. Hakuna ubaya wowote katika kupanda. Ubaya ni kupanda na ramani ya tambarare: viwanja vya mraba vilivyopigwa kwa mistari iliyonyooka, barabara inayokwea kilima moja kwa moja, na kila mwenye kiwanja anakata udongo wake na kusukumia kifusi kwa jirani wa chini. Mvua ya kwanza kubwa huonesha makosa yote kwa siku moja.

Mwongozo huu ni wa kamati za mitaa, wa watu wanaonunua eneo kwa pamoja, wa mitaa iliyo kwenye urasimishaji, na wa mafundi. Utaratibu wake ni mmoja: njia ya maji kwanza, njia ya watu pili, viwanja tatu, nyumba mwisho.

Kalenda: usichimbe na pesa ya korosho

Ukanda huu una msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, wakati mwingine Mei. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba. Kwa hiyo pesa humfikia mtu wakati mawingu yameanza kukusanyika, naye kwa furaha huita vibarua wakate kilima. Desemba inamkuta na ukuta wa udongo wazi wa mita mbili, msingi haujainuka, na shimo limejaa maji. Hiki ni chanzo kikubwa cha kuta kuporomoka huku kwetu, na hakihitaji utaalamu wowote kukiepuka.

Pesa ya korosho inunue vitu visivyooza: mawe, kokoto, nondo zilizofunikwa na kuinuliwa juu ya magogo. Saruji isinunuliwe mapema, kwa maana ikikaa zaidi ya miezi mitatu kwenye hewa ya pwani huanza kuganda ndani ya mfuko. Lipia pia mpima na mchoro msimu huohuo. Kukata udongo kuanze Juni, kuta za kuzuia udongo ziishe kabla ya Septemba kwisha, mitaro iwe imekamilika Oktoba. Mvua za kwanza zikija, kazi pekee ya nje inayobaki ni kupanda majani.

Msimu unapokwisha usilegee. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini tu ya Mto Ruvuma, Aprili 2019. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi. Mwezi ambao udongo umeshiba maji kuliko wote ndio huohuo unaoweza kuletewa kimbunga.

Hatua ya 1: Kisome kilima kabla ya kukinunua

Tembea eneo lote, kuanzia kileleni hadi chini kabisa, mara mbili: kiangazi na siku ya mvua. Tafuta haya:

- Nyufa za udongo zilizopinda kama mwezi mwandamo, hasa sehemu ya juu ya mteremko.
- Minazi au mikorosho iliyoinama chini kisha ikajipinda kurudi juu. Mti wa namna hiyo unaonesha kwamba udongo umekuwa ukitembea polepole kwa miaka.
- Nguzo za umeme zilizolala, sakafu za majirani zilizopasuka upande mmoja.
- Majani mabichi kiangazi mahali ambapo kote kumekauka. Hapo kuna maji chini.
- Ardhi yenye matuta na vibonde visivyo na mpangilio, kama shuka lililokunjwa. Hilo ni poromoko la zamani.

Ukiona dalili mbili kati ya hizi mahali pamoja, hapo pasijengwe. Pabaki na miti.

Kisha chimba mashimo ya majaribio yenye kina cha mita 2, matatu kwa kila ekari: juu, katikati na chini. Unachotafuta ni tabaka. Kichanga chekundu cha miinuko yetu hufyonza maji haraka, na watu hukipenda kwa sababu hakituamishi. Shida huanza pale kichanga hicho kinapokaa juu ya mfinyanzi. Maji hushuka hadi kwenye mfinyanzi, hayapenyi, yanaanza kutembea ubavuni, na kichanga cha juu kinateleza kama mkeka juu ya sakafu yenye sabuni. Chukua udongo wa kila tabaka, uloweshe, uviringishe kama kamba. Ukifikia unene wa penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Tabaka hilo likionekana ndani ya mashimo hayo na mteremko ni mkali, msijenge chochote kabla ya kumwita mhandisi wa udongo.

Hatua ya 2: Pima mteremko kwa mpira wa levo

Mnahitaji mpira mwembamba unaoonesha ndani wenye urefu wa mita 15, fito mbili za mita 2 zilizowekwa alama kila sentimita, na futi kamba. Jaza maji kwenye mpira bila mapovu, maana povu moja huharibu kipimo chote. Mtu mmoja asimame juu, mwingine chini, umbali wa mita 4 kwa kipimo cha ulalo sawa, yaani futi kamba ivutwe bila kufuata ardhi. Soma maji kwenye fito zote mbili. Tofauti ya namba ndiyo mwinuko. Ikiwa ni mita 1.2 ndani ya mita 4, mteremko ni asilimia 30.

Hivi ndivyo asilimia hizo zinavyosomeka. Chini ya 15, jenga kwa kawaida ukizingatia maji. Kati ya 15 na 30, jenga kwa ngazi, nyumba nyembamba, kuta fupi. Kati ya 30 na 45, lazima kuwe na michoro ya mhandisi, na viwanja vipungue. Ukizidi 45 acha msitu, na ukifika 58, ambayo ni nyuzi 30, hata kulima pasilimwe.

Kwa mpira huohuo chora mistari ya kontua, yaani inayopita sehemu zenye kimo kimoja. Fito moja ibaki mahali pamoja, nyingine izunguke ubavuni mwa kilima ikitafuta sehemu ambazo maji yanasoma sawasawa. Piga kigingi kila mita 5. Panda mita 2 za kimo, anza mstari mwingine. Baada ya siku tatu kilima kizima kitakuwa na mistari ya vigingi, na mtu yeyote atakayesimama ng'ambo ataona kwa macho umbo la mtaa unaotakiwa. Vigingi hivyo vina thamani kuliko ramani nyingi, kwa sababu kila mwananchi anavielewa bila kufundishwa.

Hatua ya 3: Tenga njia za maji

Makorongo yote ya asili ni mali ya maji. Yawekewe alama kabla ya kiwanja chochote kukatwa, na kila upande wa korongo zibaki mita 5 zisizoguswa. Kwa korongo kubwa, mita 10. Mto na ufukwe vina sheria yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Korongo lililokauka miaka mitano bado ni korongo.

Sasa hesabu. Mvua ya milimita 50 juu ya bati la mita 8 kwa 10 ni lita 4,000. Nyumba 40 ni lita 160,000, ambazo kabla ya mtaa kujengwa zilikuwa zikinywewa na kichanga na mizizi. Ndiyo sababu korongo lililokaa kimya miaka yote huanza kula kingo zake mara tu mtaa unapojengwa juu yake. Hakikuongezeka kiasi cha mvua, yameongezeka mabati.

Kwa ukubwa wa mtaro tumia kanuni hii: zidisha kiasi cha mvua kwa saa (milimita) kwa eneo (hekta) kwa sehemu ya maji inayotiririka, kisha gawa kwa 360. Hekta moja yenye nyumba nyingi, mvua ya milimita 90 kwa saa, sehemu ya 0.6 ikitiririka: 90 × 1 × 0.6 ÷ 360 = 0.15, yaani lita 150 kila sekunde. Mtaro wa mawe wenye upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40, ulioinama asilimia 5, hupitisha takribani lita 260 kwa sekunde maji yakifika sentimita 30. Unatosha, na inabaki nafasi ya mchanga na mifuko ya plastiki ambayo haikosekani.

Mitaro ni ya aina mbili, na kuichanganya ndiyo huleta mabonde mapya.

Mtaro wa ubavuni hufuata kontua na kukusanya maji. Uiname kidogo tu, sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita 10. Ukiuinamisha zaidi ya hapo kwenye kichanga bila kuujengea, maji hupata kasi na kuuchimba. Mtaro wa juu kabisa, ule wa kukinga mtaa mzima, uwe juu ya nyumba ya mwisho kwa mita 3 au zaidi, na usiachwe wazi pale penye kichanga tupu. Ujengewe, la sivyo utakuwa mdomo wa kuingiza maji ndani ya kilima.

Mtaro wa kushuka huteremsha maji hadi chini. Huu hujengwa kwa mawe na zege bila ubishi, na hujengwa kwa ngazi: kila kimo cha sentimita 50 liwe anguko, na chini ya anguko beseni la urefu wa mita 1 na kina cha sentimita 15, maji yatulie kabla ya kuendelea. Mtaro laini uliosakafiwa kwa plasta kutoka juu hadi chini unapendeza macho, lakini maji hufika chini kama risasi na kuchimba shimo mahali unapoishia. Mwisho wa mtaro mwaga mawe makubwa ya kilo 20 hadi 40, eneo la mita 2 kwa 3, au weka gabioni, yaani makapu ya waya yaliyojazwa mawe. Hakikisha pia kwamba mtaro hauishii uani kwa mtu. Ukifika barabara ya lami, kaeni na wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kuhusu kalvati kabla ya kujenga, maana kalvati la zamani halikupimwa kwa ajili ya mabati yenu.

Hatua ya 4: Njia za watu na magari

Tuseme kilima kinapanda mita 30 ndani ya mita 100. Gari haliwezi kukipanda moja kwa moja. Barabara ya asilimia 10 itahitaji mita 300 za kujizungusha ili kufika juu, na kila kona inakula ardhi. Kwa hiyo mtaa wa mlimani hauwezi kumpa kila mtu barabara mlangoni. Wapeni wote barabara isiyozidi mita 60 kutoka mlangoni, na kutoka hapo njia nzuri ya miguu.

Barabara ya gari: upana wa mita 3.5, sehemu za kupishana zenye upana wa mita 5.5 kila baada ya mita 100, mteremko usizidi asilimia 12. Palipo na kona kali au zaidi ya asilimia 10, moramu haikai; mwaga vipande viwili vya zege vyenye upana wa sentimita 80 vya kukanyagia magurudumu. Bajaji iliyobeba abiria watatu hushindwa mapema kuliko gari, basi ipimeni njia kwa bajaji.

Njia za ubavuni zifuate vigingi vya kontua, upana wa mita 2, zikiinama kidogo kuelekea kilimani ambako mtaro upo. Zikiinamia bondeni, maji huruka ukingo na kukata njia.

Ngazi zinazounganisha njia hizo ziwe kila baada ya mita 40 hadi 60. Kimo cha kila ngazi sentimita 15, mahali pa kukanyaga sentimita 32. Baada ya ngazi 12 weka kituo cha mita 1.2. Upana mita 1.5 halisi baada ya kutoa mtaro, kwa sababu hapo ndipo jeneza litapita likiwa mabegani mwa watu, na mjamzito atateremshwa akiwa kwenye machela. Ngazi za sentimita 90 hazimruhusu yeyote kati yao. Mtaro uwe pembeni ya ngazi, kamwe usiwe katikati. Weka bomba la kushikia upande mmoja. Wazee watalitumia kila siku.

Hatua ya 5: Kata viwanja kwa kufuata kilima

Kiwanja kilale ubavuni: upande mrefu, tuseme mita 20, ufuate kontua, na upande mfupi wa mita 15 ndio ufuate kupanda na kushuka kwa kilima. Nyumba nayo iwe nyembamba, kina cha mita 6 hadi 7. Hesabu ni nyepesi. Kwenye mteremko wa asilimia 20, ukisawazisha mita 8 utapata tofauti ya mita 1.6. Kwenye asilimia 30, mita 8 zilezile zinatoa mita 2.4, ambazo ni ukuta wa mhandisi. Zigawe zikawa sakafu mbili za mita 4, sebule juu na vyumba chini, na kila tofauti ni mita 1.2. Nyumba ya ngazi mbili za ndani inagharimu kidogo zaidi kwenye tofali na inaokoa sana kwenye ukuta.

Mchoro huo lazima upitie kwa afisa mipangomiji wa halmashauri, ya Manispaa ya Lindi au ya Mtwara-Mikindani, upimwe, na kila nyumba ipate kibali cha ujenzi. Kwa mtaa ulio kwenye urasimishaji pelekeni vigingi na mitaro yenu kabla ya mpima kuweka bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Bikoni ikishasimama katikati ya njia ya maji, kuihamisha ni kesi.

Hatua ya 6: Kukata udongo na kumwaga kifusi

Kichanga kikatwe kwa ulalo wa mita 1.5 kwa kila kimo cha mita 1. Udongo mwekundu mgumu, mita 1 kwa mita 1. Kukata wima kusizidi mita 1, na kusikae zaidi ya siku chache kabla ya ukuta kuanza. Ukijenga ukuta mrefu usifunue kilima chote kwa mara moja. Kata kipande cha mita 3, ruka mita 3, jenga, kisha rudi kwenye vilivyobaki. Vibarua watalalamika kwamba ni kupoteza muda, lakini kilima kilichofunuliwa mita 20 kwa mpigo kimeshawafukia watu wengi wakiwa na sururu mkononi.

Nyumba yote ikae kwenye udongo asilia uliokatwa. Kifusi kiwe cha uani, bustani, mahali pa kuanikia. Nyumba iliyokaa nusu kwenye udongo asilia na nusu kwenye kifusi hupasuka wima palepale viwili hivyo vinapokutana, kwa kawaida katika msimu wa kwanza au wa pili wa mvua, na hakuna plasta inayoponya ufa huo. Kifusi kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja iloweshwe kidogo na kushindiliwa kabla ya kuongeza nyingine. Kabla ya kumwaga, ondoa majani na mizizi na uchonge ardhi ya chini iwe ngazi, la sivyo kifusi kinakaa juu ya mtelezo.

Hatua ya 7: Ukuta wa kuzuia udongo

Kuta nyingi zinazoanguka ni za bloku za inchi 6, kimo cha mita 2, bila nondo na bila matundu. Bloku hizo ni za kubeba bati. Hazikukusudiwa kusukumwa na kilima kilichoshiba maji.

Ukuta wa mawe usiozidi mita 1.5 unaweza kujengwa na fundi mzuri bila mhandisi, kwa vipimo hivi:

- Msingi: kina cha sentimita 40 ndani ya udongo mgumu, upana wa sentimita 90.
- Unene wa ukuta: sentimita 75 chini (nusu ya kimo), sentimita 40 juu. Uso ulalie kilimani, usisimame wima.
- Mawe: magumu, makubwa chini, kila jiwe likae juu ya viungo vya mawe mawili. Jiwe refu la kuingia ndani liwekwe kila mita 1.
- Udongo wa kujengea: mfuko 1 wa saruji kwa toroli 2 za mchanga.
- Matundu: bomba la inchi 2, kila mita 1.5, mstari wa kwanza sentimita 15 juu ya ardhi, mstari wa pili ukipishana na wa kwanza. Yainamie nje.
- Nyuma ya ukuta: kokoto au mawe madogo, unene wa sentimita 30, kuanzia chini hadi karibu na juu. Kati yake na udongo tandika kitambaa cha kuchujia au mchanga mnene, ili udongo usizibe kokoto.
- Juu kabisa: sentimita 20 za mfinyanzi ulioshindiliwa na mtaro mdogo, maji ya mvua yasiingie nyuma.

Kwa ukuta wa mita 10 na kimo cha mita 1.5, tarajia mita za ujazo 12 za ukuta: lori za mawe zifikie mita za ujazo 13 au 14, saruji mifuko 28 hadi 30, mchanga mita za ujazo 4 hadi 5, kokoto za nyuma mita za ujazo 4 na nusu. Watu hukata gharama kwenye kokoto za nyuma kwa sababu hazionekani. Ukuta usio nazo hauzuii udongo tu, unazuia na maji, na maji yana nguvu kuliko udongo.

Palipohitajika mita 3 jenga kuta mbili za mita 1.5, ya juu ikirudi nyuma mita 3 kutoka ya chini. Zikikaribiana, ya juu huwa mzigo wa ya chini.

Jambo mahususi kwa pwani yetu ni vifaa. Mawe ya matumbawe ni mepesi na laini. Yanafaa kwa ukuta wa nyumba, kama Mikindani ya zamani inavyoshuhudia, lakini si kwa ukuta wa kubeba kilima. Mchanga wa baharini hauchanganywi na zege yenye nondo hata ukioshwa mara ngapi na fundi anayeharakisha: chumvi hula nondo kutoka ndani, zege inapasuka, na kuuchota kunakula fukwe ambazo zinalinda mji. Viroba vya mchanga vinafaa kwa dharura ya wiki mbili. Jua likivichana, unabaki na mchanga uliolegea juu ya jirani.

Hatua ya 8: Nyumba yenyewe

Msingi uchimbwe kwa ngazi, chini yake pawe sawa kabisa kwa pima maji. Kila ngazi isizidi sentimita 46, ambazo ni kozi mbili za bloku, na zege ya ngazi ya juu iilalie ya chini kwa mita 1. Kina kisipungue sentimita 75 ndani ya udongo asilia upande wa bondeni. Mkanda wa zege uzunguke chini ya jamvi na tena juu ya madirisha: nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Usiukate mkanda popote kwa ajili ya bomba.

Umbali kutoka nyuma ya nyumba hadi kilima kilichokatwa uwe mita 1.5, mtaro ukiwa ndani yake. Umbali kutoka mbele ya nyumba hadi ukingo wa ukuta wa chini usipungue kimo cha ukuta huo, na kamwe usiwe chini ya mita 2.

Bati la mlimani hupigwa na upepo kuliko la bondeni. Tumia geji 28, funga kenchi kwenye mkanda kwa nondo au mikanda ya chuma iliyozamishwa ndani ya zege, na gata ziwekwe siku ileile bati linapopigwa. Kwenye mteremko gata ni sehemu ya msingi, kwa sababu maji ya bati yakidondoka ukingoni mwa jamvi huula udongo ulioshika nyumba.

Maji safi, vyoo na matangi

Tangi la lita 5,000 lililojaa ni tani 5. Lisiwekwe kwenye kifusi wala ukingoni. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya baa 1, kwa hiyo nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi inapokea baa 6, na viungio vya bei rahisi hupasuka usiku. Weka tangi la kupunguza presha kila mita 40 za kimo. Mabomba yanayovuja yarekebishwe siku hiyohiyo: uvujaji wa kiangazi kizima hulainisha udongo kuliko mvua ya wiki moja.

Choo cha shimo kilicho juu ya ukuta wa jirani hutokea kwenye ukuta wa jirani. Maji yake hutafuta mfinyanzi, yanatembea ubavuni, kisha yanachuruzika uani kwa mtu wa chini. Mtaa ukifikia nyumba 20 au zaidi kwenye mteremko unaozidi asilimia 20, unganisheni vyoo kwa bomba la inchi 4 lishukalo pembeni ya ngazi hadi karo za pamoja chini, mahali gari la majitaka linafika. Weka chemba kila mita 20 na kila kona. Njia hii ya mabomba membamba ya pamoja imetumika kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, ambako kuchimba shimo ni kugumu. Shimo la kufyonza likibidi, liwe mita 30 kutoka kisima chochote na mbali na ukuta wowote kwa mara mbili ya kimo cha ukuta huo.

Majani, miti na kazi ya kila mwaka

Panda majani ya vetiveri kwenye mistari ya kontua, mche mmoja kila sentimita 10 hadi 15, mstari mmoja kwa kila mita 1 ya kimo, mvua za Desemba zinapoanza. Mizizi yake hushuka wima mita 2 na zaidi bila kusumbua misingi. Acha mikorosho iliyopo pale ambapo hakuna nyumba. Migomba isipandwe ukingoni mwa ukuta: inavuta maji, mizizi yake ni ya juujuu, na ikianguka huondoka na udongo. Usichome majani ya mteremko; kichanga kikibaki uchi Oktoba, Desemba kinakuwa barabarani.

Oktoba, mtaa mzima utoke na makoleo: fukua mitaro, zibua matundu ya kuta kwa fimbo, ondoa mchanga kwenye mabeseni ya maanguko. Wakati wa mvua, kila nyumba iangalie ukuta ulio juu yake. Matundu yanayotoa maji safi ni mazima. Yakitoa maji ya tope, udongo wa nyuma unasombwa. Yakikauka ghafla katikati ya mvua kubwa yameziba, na ukuta unabeba maji. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukianza kukwama, ufa mpya ukitokea sakafuni, au tumbo likionekana kwenye ukuta, hamisheni watu usiku huohuo, walio chini ya ukuta kwanza na walio juu yake baadaye, kisha mjulisheni mtendaji wa mtaa. Nyumba iliyo chini ndiyo hufukiwa.